Kila nikiweka hela benki inamezwa: jibu kwa muuza dagaa wa Mwaloni

"Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Machi 2025 benki ilinipa ovadrafti ya milioni 6 kwa riba ya asilimia 21 kwa mwaka, dhamana nyumba yetu ya Igoma. Mwanzoni ilinisaidia sana kununua mzigo visiwani. Sasa ni mwaka, akaunti imekaa hasi milioni 5 na laki 7 na haishuki. Kweli milioni 2 na laki 6 niliezekea nyumba kwenye kiwanja chetu cha Buswelu, na wateja wa Kongo wananidai... samahani, mimi ndiye ninayewadai milioni 1 na laki 8. Kila nikiweka hela inamezwa. Mwezi uliopita wamenikata 163,000. Nimeanza kuacha mauzo kwenye simu ili benki wasiyaone. Nina deni la 180,000 kwenye ile huduma ya simu ya kumalizia muamala, linakatwa kama 1,000 kila siku. Nina na deni la 800,000 la ofisi ya mikopo ya mtaani, kwa miezi mitano sasa nalipa riba 160,000 kila mwezi na deni liko palepale. Huyo wa mtaani yuko tayari kuniongezea milioni 2 nikimpa hati ya kiwanja cha Buswelu, nikapunguze ya benki. SACCOS nina akiba ya milioni 1 na laki 2. Je, nichukue? Mume wangu alisaini ya benki, ila ya mtaani na ya simu hayajui."

Dada yangu, nianze na swali lenyewe, maana naona hati iko njiani kutoka kabatini: usichukue. Sababu nitazieleza, lakini kama wiki hii una nafasi ya jambo moja tu, hati ya Buswelu irudi ilikokuwa.

Nilikaa dawati la mikopo la benki hapa Mwanza miaka mingi kabla ya kazi hii ya ushauri, na akaunti kama yako nimeziona za wauza dagaa, za mawakala wa sangara, za wenye maduka ya nyavu. Sehemu ya kosa ni yetu sisi tuliokuwa tunazitoa. Mteja anapewa karatasi asaini, anaambiwa "ukikwama, chota", tunapeana mikono. Hakuna anayemkalisha chini kumwonyesha kitu hiki kinavyokula. Nimeipitia taarifa ya akaunti ya miezi mitatu uliyonitumia, mstari kwa mstari, kwa hiyo tuikalie pamoja.

Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa hela usiyokuwa nayo, mpaka kikomo mlichokubaliana. Riba hupigwa kila siku kwenye kiasi ulichokuwa umechota siku hiyo, ikajumlishwa na kukatwa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana inamfaa anayenunua mzigo Jumatatu akauza Ijumaa. Ukichota milioni 3 kwa siku nne kwa riba yako hiyo ya asilimia 21, unalipa kama shilingi 6,900. Kwa mfanyabiashara hiyo ni bei nzuri, na benki yako haikukudanganya kwa hilo. Tatizo ni kwamba wewe hujachota kwa siku nne. Umechota mwaka mzima. Milioni 5 na laki 7 zinakula karibu 3,280 kila siku ya Mungu, umeuza hujauza, na kwa siku 30 hiyo ni kama 98,400.

Kwa hiyo ile 163,000 haikumezwa kwa uchawi. Kwenye taarifa yako, 98,400 ni riba. Elfu 50 ni faini mbili za elfu 25 kila moja: agizo lako la kudumu la kupeleka 150,000 SACCOS lilijaribu tarehe 5 likakuta siku hiyo umechota hadi karibu na kikomo, nafasi haitoshi, likajaribu tena tarehe 8 likashindwa tena. Kilichobaki, 14,600, ni makato ya kawaida ya akaunti na ujumbe wa simu. Ukiweka milioni moja na nusu leo, deni linashuka hadi milioni 4 na laki 2, na riba ya usiku huo inapungua. Kesho ukiitoa kwenda kununulia mzigo, deni linapanda tena. Hela yako ilikuwepo. Imeingia na kutoka mlango uleule, ila chini kuna maji yasiyotikisika.

Hayo maji ya chini ndiyo ugonjwa wako. Ovadrafti yenye afya hugusa sifuri mara kwa mara, hupanda na kushuka na mzigo. Yako imeganda, na ukijumlisha unaona ilipogandia: milioni 2 na laki 6 ziko juu ya paa Buswelu, milioni 1 na laki 8 ziko kwa Wakongo, na kinachobaki, milioni 1 na laki 3, ni riba na faini za mwaka ambazo zenyewe zimegeuka deni. Bati halitauzwa Ijumaa. Umejengea nyumba ya miaka thelathini kwa hela ya siku nne, na unailipia kwa bei ya hela ya siku nne.

Sasa kuhusu tarehe 5, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuona afisa mikopo akilisema, na mimi mwenyewe lilinichukua muda kulitambua. Wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa wanavuliwa kwenye giza. Taa za wavuvi zinawavuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikitawala, taa haina nguvu, mitumbwi inapanda nchi kavu, na wewe Mwaloni unakaa unapiga soga. Mapato yako yanafuata mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu. Benki inafuata mwezi wa kalenda. Miezi 12 ya angani ni siku 354, pungufu ya mwaka kwa siku 11. Machi 2025 uliposaini, mwezi ulipevuka tarehe 14. Tarehe 5 ilikuwa ndiyo kwanza giza limetoka kutoa mzigo, hela ipo. Machi 2026 mwezi umepevuka tarehe 3. Agizo lako halijasogea hata siku moja, ila mbalamwezi imelifuata na kulikalia juu kabisa. Hukuzembea. Tarehe ndiyo iliyokuwa nzuri mwaka jana na mbaya mwaka huu.

Hili dawa yake ni ya bure na ya asubuhi moja. Nenda tawini, jaza fomu, sogeza agizo liwe karibu na tarehe 20 kwa sasa, na uwaombe SACCOS wapunguze kutoka 150,000 hadi 50,000 mpaka hali itengemae. Kisha Septemba urudi ulisogeze tena, kwa sababu Septemba 2026 mwezi utapevuka tarehe 26 na hiyo 20 itaanza kuwa siku ya ukame. Najua watakushangaa pale kaunta. Waache washangae.

Tuje kwenye madeni matatu. Umeniandikia kama vile la benki ndilo jinamizi na mengine ni vidonda vidogo. Jaribu kuyapima kwa kipimo kimoja: kila laki moja uliyokopa inakula shilingi ngapi kwa mwezi? Benki, laki moja inakula 1,750. Simu, kwa hiyo elfu moja ya kila siku juu ya 180,000, laki moja inakula karibu 16,700. Mtaani, laki moja inakula elfu 20. Unaona ulichokuwa unataka kufanya? Kuchukua hela inayokula elfu 20 kulipia inayokula 1,750. Hizo milioni 2 peke yake zingedai laki 4 kila mwezi kabla hujagusa deni lenyewe, na ungekuwa umempa na kiwanja. Watu hawajaiita mikopo ya namna hii kausha damu bure.

Na huyo bwana mwenyewe tumtazame. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 8 hiyo ni elfu 28. Wewe unalipa 160,000, na kwa miezi mitano umeshampa laki 8, yaani sawa na mtaji wake wote. Mwombe nakala ya leseni na ya mkataba. Akikwepa, umepata jibu. Wapo watakaokwambia "acha kumlipa, sheria iko upande wako", na kisheria una hoja nzito. Ila mimi nafikiria pia siku atakapotuma vijana kuja kubeba friji saa kumi na mbili asubuhi watoto wanakunywa chai. Kwa hiyo ushauri wangu ni umtoe kwanza, kwa maandishi, kisha ulalamike ukiwa huru. Nenda na hesabu ya ulicholipa, jadiliana naye apokee pungufu, na usiachie shilingi bila stakabadhi inayosema deni limekwisha na dhamana zimerudi.

Wa kumtoa ni SACCOS yako. Umesema akiba ni milioni 1 na laki 2, na kwenye karatasi zako naona wanakopesha wanachama kwa asilimia 1 na nusu kwa mwezi kwenye deni linalopungua. Usitoe akiba; ikopee. Omba milioni 1 kwa miezi 10. Laki 8 zinamtoa wa mtaani (akikubali pungufu, faida yako), 180,000 zinafuta la simu, na elfu 20 inabaki ya nauli za mizunguko yote hii. Watahitaji wadhamini na kikao cha kamati, kwa hiyo anza sasa, usisubiri giza lijalo.

Deni la simu likishafutwa, jitoe kwenye hiyo huduma kabisa. Sina ugomvi nayo. Mtu aliyekwama na nauli ya kivuko imemwokoa mara nyingi. Ila ni ovadrafti kama ile ya benki, tofauti kwamba kila hela ikiingia kwenye laini inakata yake kwanza bila kukuuliza, na wewe umeigeuza kuwa mfuko wa mauzo. Mteja akikutumia laki 3, simu inachukua, unabaki na pungufu, jioni unamalizia muamala mwingine, ada inaanza upya. Na kubadili laini hakukufichi: laini imesajiliwa kwa alama ya kidole, na madeni yasiyolipwa hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo ambazo mabenki huzichungulia kabla ya kukukopesha.

Baada ya hapo ndipo uende benki, na hapa usiende kuomba huruma. Nenda na ombi mahususi: wagawe deni vipande viwili. Milioni 4, lile lililoganda, ligeuzwe mkopo wa kawaida wa miezi 24. Milioni 1 na laki 7 zibaki ovadrafti yenye kikomo cha milioni 2, iendelee kupanda na kushuka na mzigo. Tuseme mkopo huo wakupe kwa asilimia 20 kwa mwaka. Rejesho ni kama 204,000 kwa mwezi.

Najua unachofikiri: nitaipata wapi laki 2? Tazama unachotoa leo. Mtaani 160,000, simu elfu 30, faini elfu 50, riba ya benki 98,400. Jumla ni karibu 338,000 kila mwezi, na hakuna deni hata moja linalopungua. Baada ya mpango huu: SACCOS 115,000 mwezi wa kwanza na inapungua kila mwezi, mkopo wa benki 204,000, riba ya ovadrafti iliyobaki kama elfu 30. Jumla 349,000. Tofauti ni elfu 11, bei ya sahani chache za sato, na deni linaanza kushuka kwa zaidi ya laki 2 kila mwezi. Baada ya miezi 10 SACCOS imekwisha, ile laki iliyokuwa inaenda huko ihamie kwenye ovadrafti.

Nisikupambie. Mpango huu una maumivu. Kikomo kikishuka hadi milioni 2, mzigo wako visiwani utakuwa mdogo kwa msimu mmoja au miwili, na mteja mkubwa anaweza kwenda kwa jirani. Benki itadai ada ya kuandaa mkopo mpya. Iulize kabla ya kusaini, pamoja na kama riba inapigwa kwenye deni linalopungua au kwenye kiasi cha mwanzo hadi mwisho. Hii ya pili, hata ikitajwa kwa asilimia ndogo, huwa ghali kuliko inavyosikika. Na wanaweza kukataa. Wakikataa, njia inayobaki si ya mtaani. Ni kuuza kiwanja cha Buswelu mwenyewe, kwa bei yako, bila haraka, kabla hakijauzwa na mtu mwingine kwa bei yake. Inauma, najua bati limeshapanda.

Ndiyo maana nataka urudishe mauzo kwenye akaunti kuanzia kesho. Ulifanya lililo la kibinadamu: mtu akikuchapa, unaficha mkono. Lakini ovadrafti hutolewa kwa mwaka mmoja, na wako umeshatimia. Afisa anayeamua kuihuisha au kuifuta hutazama mzunguko wa akaunti kabla ya kitu chochote. Akiona miezi miwili hakuna kinachoingia, haandiki "mteja anaweka kwenye simu". Anaandika "biashara imekufa". Na kwenye mkataba wako, kifungu ambacho hakuna anayekisoma, benki ina haki ya kudai deni lote kwa wakati mmoja. Hutaki wakumbuke kifungu hicho mwezi huu.

Kuhusu Wakongo, neno moja refu kidogo. Mali kauli, yaani kumpa mteja mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, ni ovadrafti unayompa mwenzako bila riba huku wewe ukiilipia riba. Milioni 1 na laki 8 kwao inakugharimu zaidi ya elfu 31 kwa mwezi. Sisemi uache, Mwaloni bila mali kauli haiendi, na mteja uliyemkopesha miaka mitano hukopesha heshima pia. Ila mwenye deni la zamani asipewe gunia jipya mpaka apunguze, na mpya atoe nusu mkononi. Chochote watakacholeta kiende kwenye ovadrafti siku hiyohiyo.

Uliniuliza kando kuhusu mikopo ya halmashauri. Ile ya asilimia 10, inayotoka kwenye mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina riba, na ilirejeshwa 2024 baada ya kusimamishwa 2023. Ni nzuri, ila inapitia kikundi na ni ya mradi, haikulipii madeni. Iweke akilini kwa mtaji wa baadaye. Programu za simu zinazotoa mkopo kwa dakika mbili zisogelee kwa tahadhari: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Ukipokea barua ya benki yenye neno "notisi" kuhusu nyumba ya Igoma, usiiweke droo. Siku zinahesabiwa tangu hapo, na unahitaji mwanasheria, si mimi. Kama mfuko hauruhusu, watoa msaada wa kisheria wapo chini ya sheria ya 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Ukiona kwenye taarifa makato usiyoyaelewa, lalamika kwa maandishi tawini kwanza na ubaki na nakala yenye mhuri; wasipokujibu au wakikujibu ovyo, peleka nakala hiyo Benki Kuu, wana tawi hapahapa Mwanza na wanapokea malalamiko ya wateja. Na vijana wa mtaani wakija kwa vitisho, hilo ni la polisi na la mwenyekiti wa mtaa.

La mwisho ni mume wako. Sikuulizii ya ndani, ila mkopo mpya wa milioni 4 utasimama juu ya nyumba mnayoishi, na benki itataka saini yake tena kwenye karatasi mpya. Afisa atamsomea madeni yako yote kwa sauti, mezani, mbele ya mtu mwingine. Mwambie kabla ya siku hiyo, nyumbani, ukiwa na karatasi moja yenye zile hesabu mbili, 338,000 na 349,000. Aione ya pili kabla hajamaliza kukasirikia ya kwanza.